Umeshapima? Vipimo vya tumbo nilivyokubali na nilivyokataa

Hapa Dar ukisema tu tumbo linanisumbua, kabla hujamaliza mtu keshakuuliza "umeshapima?" Haulizi linauma wapi, linauma saa ngapi, umekula nini, ni umeshapima, na ukisema ndio swali la pili ni wamekuta nini, na ukisema hawajakuta kitu hapo ndo unaonekana umeenda hospitali ya ovyo. Mama mdogo wangu ndo bingwa wa hilo swali. Kwenye simu huwa tunaenda hivi:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Tumbo vipi, umeshapima?"

"Nimepima, hamna kitu."

"Hamna kitu na bado unaumwa? Nenda sehemu nyingine wakupime vizuri."

Na sehemu nyingine zipo tele, hilo ndo tatizo, kila sehemu ina kipimo chake na kila kipimo kinakuta kitu chake.

Kwa wasiojua hali yenyewe ikoje: tumbo la chini linakaza, linasokota, nakimbilia chooni, nikitoka napata nafuu, halafu baada ya muda mfupi tena. Wiki hii choo laini, wiki ijayo kigumu vijiwe vijiwe, na gesi ya kumfanya mtu alegeze kifungo cha sketi akiwa ofisini. Lilianza baada ya kula kwenye shughuli moja nikaharisha vibaya sana, kuharisha kukaisha lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Baadaye niliambiwa hilo wala sio ajabu, karibu mtu 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi ya kuharisha anabaki na hali kama hii hata vijidudu vikishaondoka. Naishi Kimara nafanya kazi Posta, napanda mwendokasi, na kama hujawahi kubanwa na tumbo pale Magomeni basi limejaa mpaka mlango unafunga kwa shida basi tusibishane. Vyoo vya kulipia njia nzima navijua, na najua kipi wanachelewa kufungua.

Jina lake ni IBS, kirefu chake irritable bowel syndrome, hata madaktari wetu wanaitamka hivohivo kwa herufi, mtaani tunasema tu gesi au vidonda vya tumbo. Na kitu ambacho mama mdogo hataki kabisa kukubali ni kwamba IBS haina kipimo. Hakuna damu, choo wala picha inayotoka imeandikwa IBS. Daktari anaijua kwa kukuuliza maswali, kuna vigezo vinaitwa vigezo vya Roma, toleo la nne lilitoka 2016, vinasema maumivu ya tumbo yawe yanajirudia, wastani wa angalau siku 1 kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, na yaambatane na walau mambo mawili kati ya haya matatu, yaani maumivu yahusiane na kwenda haja kubwa, idadi ya kwenda chooni iwe imebadilika, au choo chenyewe kiwe kimebadilika sura. Na dalili ziwe zimeanza miezi 6 nyuma au zaidi. Basi. Mi nilivyosoma nikaona natimiza yote matatu na chenji inabaki.

Kwa hiyo vipimo vyote unavyofanyiwa sio vya kutafuta IBS, ni vya kutafuta vitu vingine vinavyofanana nayo. Ukilielewa hilo swali linabadilika kabisa, sio tena nipime au nisipime, ni naogopa kitu gani na kipimo gani kinaweza kunijibu.

Ngoja niseme kwanza vile vinavyokuta kitu kila siku.

Kuna Widal. Nadhani hakuna mtu mzima Tanzania ambaye hajawahi kuambiwa ana taifodi kwa karatasi ya Widal, imeandikwa TO 1:160 sijui TH 1:80, unapewa sipro unaondoka. Kipimo hiki ni cha tangu 1896 na hakitafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta kinga ambayo mwili ulishatengeneza, na kinga inaweza kuwa ya zamani au hata ya bakteria wengine wanaofanana nae. Ni sawa na kumkuta mtu na tiketi ya daladala mfukoni ukasema yuko ndani ya daladala sasa hivi. Taifodi ya kweli inakuja na homa inayopanda siku kwa siku, mtu anaumwa haswa, sio tumbo linalosokota asubuhi kisha mchana unakula wali maharage unacheka na wenzio.

Kuna H. pylori. Huyu ni bakteria wa kweli kabisa, wale Waaustralia wawili Marshall na Warren walipata Nobel 2005 kwa kuonyesha kwamba ndo anasababisha vidonda vya tumbo, na Marshall alimnywa mwenyewe ili kuthibitisha, uchizi wa kisomi. Shida ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Afrika wanae. Ukitupima abiria wote wa basi moja la Kimara wengi tutatoka positivu, je wote tumbo linatuuma? Na mimi linaniuma chini ya kitovu na linahusiana na choo, yeye anakaa juu kule kwenye mfuko wa chakula. Kama una maumivu ya chembe ya moyo, kiungulia, choo cheusi, hapo ni habari nyingine, pima na utibiwe, na uulize kama wanapima kwa choo au kwa pumzi maana kile cha damu kinaweza kuendelea kusoma positivu muda mrefu hata ukishapona.

Kuna amiba. Hapa nilishangaa zaidi kuliko vyote, kumbe kwenye hadubini amiba mbaya na ndugu yake asiye na madhara wanafanana, mtu wa maabara hawezi kuwatenganisha kwa macho, isipokuwa akimkuta amemeza chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo ukiambiwa una amiba na huharishi damu huna homa, uwezekano ni mkubwa tu kwamba ni yule ndugu. Lakini Flagyl utapewa, na ile ladha ya chuma mdomoni utaisikia wiki nzima.

Halafu kuna kile kifaa. Mnakijua. Unashika kichuma kiganjani, waya umechomekwa kwenye laptop, baada ya dakika mbili inatoka karatasi kurasa na kurasa, ini, figo, kongosho, mifupa, utumbo mpana "umechoka", halafu mtu huyohuyo aliyekupima ana kabati la virutubisho nyuma yake. Nilipelekwa na shemeji yangu kwa nia njema kabisa na mi kwa heshima yake nikashika kichuma, lakini virutubisho sikununua. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kujua kinachoendelea kwenye utumbo wako jamani, hakuna.

Sasa aliyenifungua macho ni daktari mmoja mama mtu mzima, nilienda kwake na bahasha ya kaki imejaa majibu ya kila sehemu. Nikamwamkia, akaitikia, akaimwaga bahasha yote mezani akaanza kuzigawa karatasi mafungu mawili kimya kimya kama dakika tano hivi, fungu la kulia karatasi chache, la kushoto rundo. Nikamuuliza dokta unazigawaje. Akasema hizi za kulia ni ambazo zikisoma vibaya tungefanya kitu tofauti na tunachofanya sasa, hizi za kushoto hata zikisoma nini we mama ungepewa dawa zilezile. Kulia kulikuwa na FBP, yaani picha kamili ya damu, na kipimo cha VVU. Kushoto Widal zote.

Tangu siku hiyo kila kipimo ninachoambiwa nauliza maswali mawili kabla ya kuuliza bei. Ikiwa ipo tutafanya nini? Ikiwa haipo tutafanya nini? Kama majibu ya maswali yote mawili ni yaleyale sipimi. Wengine hawapendi kuulizwa, unaona kabisa uso umebadilika, lakini hela ni yangu na mkono wa kutobolewa ni wangu.

Yeye alinihoji maswali mengi ambayo huko kwingine sikuwahi kuulizwa. Unaamshwa na tumbo usiku? Nguo zimelegea bila kufanya diet? Umeona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami? Homa? Kwenu kuna aliyepata saratani ya utumbo? Umri? Akabonyeza tumbo, akaangalia kope za chini kama zina wekundu. Hayo maswali ndo yanayoamua. Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana najua kuna mtu atasoma juu juu aseme dada kasema tusipime: ukiwa na hata moja kati ya hayo, damu, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, kuamka usiku kuharisha, uvimbe tumboni, saratani ya utumbo kwa mzazi au ndugu wa tumbo moja, au dalili zimeanza ukiwa umri umeshasogea miaka 45 au 50 huko, wewe sio wa mjadala huu, wewe unapima na unapima haraka, na usikubali kuambiwa ni bawasiri tu bila mtu kuangalia.

Mimi sikuwa na hata moja. Sijafika 40, uzito uko palepale tena umeongezeka, usiku nalala kama kawaida.

Ila aliponiuliza nimekulia wapi nikamwambia nimesoma sekondari Mwanza na tulikuwa tunaoga ziwani, kalamu ikasimama. Kichocho. Huku Pwani tumezoea kichocho cha mkojo, lakini kule Ziwa Victoria kuna kile cha tumbo, minyoo yake inaweza kukaa mwilini miaka, inaleta maumivu na kuharisha wakati mwingine na damu, na isipotibiwa inaharibu ini. Na dawa ipo, prazikwanteli, rahisi tu. Hicho sasa ndo kipimo: ikiwa ipo tunafanya kitu, ikiwa haipo tunaliondoa kwenye orodha. Na choo kilekile wanaangalia pia giadia, kijidudu cha utumboni, ambayo nayo inaweza kumpa mtu gesi na choo laini miezi na miezi ukadhani ni IBS. Miongozo ya Marekani ya 2021 inasema mtu mwenye dalili za IBS asipimwe vijidudu vya choo ovyo ovyo ila giadia kama yuko kwenye mazingira yake, na sisi wa maji ya kisima na ya boza tuko kwenye mazingira yake bila ubishi.

Tatizo ni kikopo. Tumbo linaniendesha wiki nzima, siku ya kwenda maabara na kikopo chenye kijiko chake kidogo, kimyaaa. Nimekaa kwenye kile choo cha maabara, nje kuna foleni wanagonga, na tumbo limegoma kabisa. Halafu mayai ya kichocho kama ni machache yanaweza kukosekana kwenye choo cha siku moja, kwa hiyo wanataka upeleke tena siku nyingine. Ukiamua kutoa nyumbani unakutana na swali la kukibebea, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na ile mifuko mbadala unaona kabisa kinachotingishika ndani. Niliweka kwenye kontena la lanchi. Lile kontena halikurudi jikoni.

Mayai hawakuona, giadia hawakuona, FBP ikarudiwa na damu iko vizuri. Nikampigia mama mdogo, mnajua alichosema.

Kilichobaki ndo kigumu, kamera. Kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana. Shemeji anaisema kila tukikutana, "si uingiziwe kamera tu uwe na amani." Na mi naelewa, kuna usiku unalala unafikiria saratani, unagugo, unazidi kufikiria. Lakini kamera sio kitu kidogo. Siku moja kabla unakunywa vya majimaji tu, unapewa dawa ya kusafisha utumbo lita kadhaa, unaharisha mpaka yanatoka maji matupu, na kwa mtu mwenye tumbo kama langu hiyo peke yake ni adhabu. Siku yenyewe unapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, unahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani. Kutoboka utumbo ni nadra sana lakini kupo. Bei sitaki hata kuandika, na bima yangu walisema waletewe kwanza maelezo ya kwa nini.

Swali la dokta tena: ikiwa safi tutafanya nini? Tutaendelea na tulichokuwa tunafanya. Na hiyo amani yenyewe sina uhakika nayo, kuna utafiti wa Marekani wa 2005 uliwalinganisha watu wenye IBS wa chini ya miaka 50, waliofanyiwa kamera ikatoka safi na ambao hawakufanyiwa, na waliofanyiwa hawakuonekana kuwa na utulivu zaidi wa moyo kuliko wenzao. Hilo nililiamini haraka kwa sababu najijua, majibu yangu mazuri yananipa amani kama wiki, tumbo likisokota tena nawaza labda hawakuangalia vizuri.

Nikamwambia dokta ukweli, kwamba akili yangu inakubali lakini moyo bado. Hakunicheka. Akasema kuna kitu cha katikati, kalprotektini. Ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu, ukuta wa utumbo ukiwa umevimba na kuwaka kwa ndani, kama kwenye yale magonjwa ya Crohn na koliti, inapanda kwenye choo. Ikiwa chini ya 50 kwa kipimo chao uwezekano wa kuwa na hayo magonjwa ni mdogo sana na kamera inasubiri, ikiwa juu sana tunaenda kwenye kamera bila kubishana, ikiwa katikati tunarudia. Sio kipimo cha saratani, alilisema hilo wazi, ila kwa umri wangu na damu yangu iliyo vizuri na bila dalili mbaya hata moja, alichotaka kukiondoa ni hicho. Maabara ya karibu hawapimi, wanachukua na kutuma maabara kubwa.

Na akaniambia kitu ambacho naomba wenye tumbo kama langu mkishike: dawa za maumivu jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuipandisha hiyo kalprotektini, kwa hiyo ziachwe wiki mbili kabla. Mi na diklopa za hedhi ndo tunajuana. Vilevile kile kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa wa mwili kukataa gluteni ya ngano, kinataka uwe unakula ngano, ukishaacha chapati na mkate miezi kisha ukaenda kupima jibu linaweza kusema huna wakati unao. Watu wanafanya kinyume, wanaacha kwanza ndo wanapima. Mi chapati sijawahi kuziacha kwa hiyo nilitolewa damu palepale, jibu halina kitu, dokta hata hakutegemea kwa mtu wa huku kwetu lakini alisema ni sindano moja na ikiwepo inabadilisha chakula cha maisha yote, kwa hiyo inapita mtihani wake wa maswali mawili.

Kipimo kilichonisaidia zaidi kuliko vyote hakikuwa na maabara. Aliniambia acha maziwa mabichi na chai ya maziwa wiki mbili, kila kitu kingine usibadilishe, halafu yarudishe uone. Wengi wetu watu wazima jamii za Kibantu hatuna tena kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, Wamasai na wafugaji wengine wengi wanacho. Nikaacha, gesi ikapungua kama nusu hivi, nikayarudisha kwa chai kubwa ya mgahawani nikajuta kabla ya saa sita mchana. Mtindi nauweza. Baada ya hapo nikajaribu vitunguu, hapo sasa ndo kuna kazi, maana hakuna mboga Tanzania hii isiyoanza na kitunguu, na nikienda kwa mama mdogo siwezi kumwambia apike bila kitunguu mpaka kwanza nimwambie nimeambiwa na kipimo.

Kusokota bado kupo, sio kama zamani. Wikiendi hii nipo kwenye siku zangu, nimekaa na chupa ya maji ya moto tumboni na panado, diklopa nimempa dada wa kazi azifiche na nimemwambia nikiziomba asinipe. Kikopo cha kalprotektini kipo kabatini, wanapokea Jumatatu mpaka Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Ikija juu naingia kwenye kamera, nimeshaongea na shemeji atanirudisha nyumbani. Ikija chini ya 50 kamera nimeiweka mpaka nifike 45, labda itokee damu au uzito uanze kushuka wenyewe, na huo uzito kwa chapati hizi sioni ukishuka leo wala kesho.